Mbwa wa Plastiki

Dukani, Mwanaheri alifungua boksi la tatu la vifaa vya kumfundishia mtoto umeme, akalisukuma kama limeoza. Kila kitu kilikuwa kimeshagundishwa. Mtoto abonyeze kitufe tu, mbwa wa plastiki aimbe.

"Hapa binti yangu anajifunza nini?"

"Huyu wa kike, mama. Nyaya zitamchosha," alisema muuzaji, akimbonyeza mbwa.

Mwanaheri aliona kinyaa, akatamani kutema mate.

Bintiye, Zawena, alikuwa kwenye meza ya kujaribia balbu. Aliwasha swichi ya mezani, balbu haikuwaka. Akafuata waya kwa kidole hadi ukutani, akawasha na ya pili. Ikawaka. Akazima moja, ikazimika.

"Lazima zote mbili zikubali," alisema.

Mbwa alikuwa bado anaimba. Zawena akaja akamchukua, akamlaza chali, akatafuta skrubu tumboni.