Tunda la Kivulini

Kinyozi alikunja mikono ya shati, akapenyeza vidole katikati ya miiba. Bwana Shamba mstaafu, mwenye kichaka, alisimama nyuma yake akijizuia asicheke mapema.

"Wewe uliyepinga ndiye utakayeonja," alisema.

Miaka mitatu walikuwa wakibishana. Bwana Shamba alikitoa kichaka hicho porini kikiwa mche wenye urefu wa shibiri moja, akakipanda nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua huchungulia tu na kwenda zake. Kitazaa, akaapa. Kinyozi, jirani na rafiki yake tangu ujanani, akawatangazia wateja wote kwamba kivulini huota uyoga tu. Basi kila msimu kichaka kilitoa miiba ya kutosha mtaa mzima, na tunda hata la dawa hakuna.

Mwaka huu mzee aliacha kubishana, na hilo ndilo lililomtisha mkewe, fundi cherehani. Alikuwa akila vijiko viwili na kusukuma sahani. Jumatatu akasema Jumapili ataking'oa, maana mtu aliyewadanganya wakulima miaka thelathini hana haki ya kushika jembe. Mkewe alilia jikoni, kimyakimya.

Halafu Jumamosi asubuhi, matunda! Tisa, mekundu, yanang'aa. Mzee na macho yake yenye ukungu aliyahesabu mara nne bila kuyagusa, kisha akaenda kumburuta Kinyozi kutoka kibandani kwake. Mteja aliachwa na nusu ya kichwa.

Sasa Kinyozi alikuwa ameshatia tunda mdomoni. Taya likasimama. Pale mlangoni fundi cherehani alificha mgongoni vidole vyake vyenye plasta, akaomba ardhi ipasuke immeze.

Kinyozi akamtazama rafiki yake usoni, kwa muda. Akaanza kutafuna polepole.

"Tamu," alisema, shavu limemvimba kidogo. "Yaishe, mzee mwenzangu. Umenishinda."

Bwana Shamba alicheka hadi akakaa chini. Akaagiza chai, na safari hii akataka na mkate, tena mwingi.

Kinyozi akasingizia kiu, akamfuata fundi cherehani jikoni. Alitema kitu kiganjani, akakifuta kwa shati, akamwekea mkononi: ushanga mwekundu, uzi mweupe bado unaning'inia.

"Shemeji," alinong'ona, "mwakani shonea uzi wa kijani."