Stempu ya Mishumaa Isiyowaka

Sathaporn alipiga magoti mbele ya jeneza akiwa amebana kijikasha cha kioo kwapani. Alipounganisha viganja kumwinamia marehemu, ilibidi akibane zaidi, hata kijiti cha ubani kikamponyoka. Hakujali. Heri ubani uanguke kuliko kijikasha.

"Si ukiweke hapo mezani, shemeji," alisema Phikun, mjane wa marehemu. "Nani atakila?"

"Kitu kama hiki hakiwekwi ovyo. Stempu hii iko moja tu dunia nzima."

"Ndiyo maana nikakuomba uje nayo. Marehemu aliipenda mno."

Ndani ya kijikasha mlikuwa na stempu ya ukumbusho wa sikukuu ya Loy Krathong: vikapu vya maua vikielea mtoni, kila kimoja na mshumaa wake. Mashine ya kuchapia iliruka rangi ya dhahabu, kwa hiyo hakuna mshumaa uliokuwa na moto, na kosa hilo ndilo lililoipa bei. Kila mkusanyaji wa stempu pale Bangkok aliijua. Ilikuwa imepamba jalada la jarida la chama chao, na Sathaporn kando yake, meno yote nje.

Ambacho hawakukijua, au hawakutaka kukijua, ni kwamba aliyeinunua ni Chamnong, huyu aliyelala jenezani. Aliinunua kwenye posta ndogo ya Phichit, alikokuwa mwalimu, akamwonyesha rafiki yake Sathaporn. Rafiki akaiazima ili aikague vizuri kwa lenzi. Alichorudisha ni stempu nyingine, mishumaa yote inawaka.

"Ndiyo ileile, kaka," alisema Sathaporn. "Macho yako tu hayo, uzee umeingia."

Chamnong alipolalamika chamani, walimwita mzushi, wakamfukuza. Tangu hapo, akipita sokoni Jumapili kutazama stempu, wenzake wa zamani walijifanya wanahesabu chenji. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, lakini za huyu zilishapita zamani na bado alikuwa anapigiwa makofi. Chamnong hakubishana tena. Alimwambia mkewe tu: "Waache wamsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Amekufa akiitwa mwongo. Hilo ndilo lililomkaa Phikun kooni kama mwiba wa samaki, akala nalo na kulala nalo.

Hata hivyo aliwaalika wanachama wote, na wote wakaja na nguo zao nyeusi, maana msibani watu hawanuniani. Sathaporn alikuja na mnunuzi wake, bwana mmoja wa Singapore, ambaye kesho yake angeichukua stempu. Nyumba mpya ya Sathaporn, na heshima yake yote, vilikuwa ndani ya kile kijikasha.

Watawa walipopumzika kidogo katika kusoma dua, alimwinamia mjane.

"Wewe una moyo, shemeji. Ningekuwa mimi, nisingemwalika mtu kama mimi."

"Aliagiza mwenyewe, kule hospitali. 'Sathaporn asikose.'"

"Masikini. Mpaka mwisho alidhani ile stempu moja aliinunua yeye."

"Moja?" Phikun alijipepea. "Mume wangu hakujua kununua kitu kimoja. Ukimtuma sabuni, anarudi na katoni."

"Ndiyo maana hamkutajirika," alicheka Sathaporn.

Phikun naye akacheka, kisha akamwomba aseme maneno mawili. Sathaporn alishika kipaza sauti, akamsifu marehemu kidogo na kujisifu sana. Aliinua kijikasha juu. "Mwenye ya pili ajitokeze," alisema, "na mimi hii naitafuna hapahapa mbele yenu." Watu waliangua kicheko, wakaziba midomo kwa kuwaonea haya watawa.

Ukafika wakati wa kupanda ngazi kwenda kwenye tanuru la kuchomea maiti, kila mtu mkononi na ua la msandali la kumuaga marehemu. Hapo Sathaporn akaingiwa na baridi. Sasa alielewa kwa nini aliambiwa aje na stempu. Mwanamke huyu atampokonya kijikasha na kukitupa motoni pamoja na jeneza! Akakikumbatia kwa mikono miwili na kumwambia yule bwana wa Singapore atembee upande wake wa kushoto, bega kwa bega.

Phikun alikuwa kwenye mlango wa tanuru. Alimchukia Sathaporn. Lakini hakumtazama. Aliweka ua lake juu ya jeneza, akasema, "Nenda salama, mwalimu wangu," akafuta machozi na kutangulia kushuka.

Moto ukawashwa. Kijikasha kilikuwa bado mikononi. Sathaporn alishusha pumzi, akabaki juu kidogo ajipanguse jasho, huku mnunuzi wake na wengine wakishuka.

Chini ya ngazi Phikun alikuwa anagawa zawadi za kuwashukuru waombolezaji, kama kawaida ya kila msiba: kikopo kidogo cha dawa ya kuchua. Kila mtu alipata, wanachama, majirani, hata wapishi wa hekalu.

Sathaporn alifika chini. Hakuna aliyefungua kikopo chake, ingawa jua lilikuwa la kuzimisha watu. Wote walikuwa wamevisogeza machoni. Bwana wa Singapore alikuwa ametoa lenzi yake.

"Pokea, shemeji," Phikun alisema, akimkabidhi chake kwa mikono miwili. "Ukisikia kizunguzungu, jipake kwenye paji la uso."

Juu ya kifuniko, kama kwenye vikopo vya wenzake wote, palikuwa pamebandikwa stempu upandeupande kwa gundi ya shule: vikapu vya maua mtoni, na hakuna hata mshumaa mmoja unaowaka.