Mkeka Wenye Kiraka Chekundu

Asubuhi tulimkuta uani mtu aliyemnajisi mjukuu wangu Sinapati. Amepiga magoti, ndugu zake wamemfunika mkeka wa kuombea msamaha. Kwetu Samoa, ukiufunua umesamehe.

"Mama, mfunue tu, tuyamalize kinyumbani," mwanangu alininong'oneza.

Nikainama, nikashika ukingo. Vidole vikagusa kiraka cha uzi mwekundu. Nikakitambua.

Mkeka huuhuu ulishaletwa hapa kwa ajili yangu, nikiwa na miaka tisa kama Sinapati. Baba aliufunua. Wakala nguruwe pamoja, nami nikatumwa kumpelekea sahani yule aliyeninajisi.

Nikauachia.

"Bibi, jua linanichoma," sauti ikalalamika chini yake.

"Kaa humohumo," nikamjibu. "Enzi zangu mkeka ulimaliza kesi. Siku hizi haumalizi. Sinapati, niletee simu."