Bwana wa Apollinarie

Serumu, zile chupa za maji ya kutundika mshipani, zilibaki nne, na waliokuwa wanaharisha ndani ya hangari ya wagonjwa ni kumi na mmoja. Mpaka wa Kavimvira, wa kuvukia Burundi, ulikuwa umefungwa. Risasi zililia tangu alfajiri. Hakuna gari ambalo lingeleta nyingine.

Muuguzi Frédéric alikata shauri bila kumwuliza mtu: wazee mwisho.

Saa mbili asubuhi Apollinarie, mkimbizi kutoka Kiringye, miaka sabini na kitu, alishika ukingo wa meza ya Frédéric.

"Munganga, bwana yangu iko anakufa. Iko pale inje, ku mulango. Nimemufunika kitenge."

Frédéric hakuinua kichwa. "Anaharisha toka lini?"

"Toka jana. Sasa hata kukojoa hakojoi."

"Anakula?"

"Atatafuna na nini? Meno ya mbele yametoka."

Mgonjwa mmoja alicheka. Frédéric naye akacheka.

"Mama muzee, weye na bwana yako mumekula chumvi ya kutosha. Muachie vijana."

"Simama tu umuangalie, munganga."

"Nikisimama, nitamuongezea miaka?"

Aliandika kwenye karatasi: mzee, angoje. Kisha akatundika serumu ya kwanza.

Apollinarie alirudi saa nne. Alirudi saa tano. Kila mara Frédéric alimwonyesha mlango kwa kalamu. Serumu ya mwisho alimpa mwanamume wa miaka thelathini, aliyekuja akitembea kwa miguu yake.

Saa saba bomu lilianguka upande wa ziwa. Wote walilala chini, hata Frédéric. Walipoinuka, Apollinarie alikuwa amesimama palepale mbele ya meza.

"Nimemuita," alisema. "Haitiki."

Frédéric alipangusa vumbi magotini. Alimwita Mathieu, mbeba machela.

"Kuna muzee amekufa ku mulango. Tafuta mutu akusaidie kumubeba."

Mathieu alitoka. Hakutafuta mtu. Alirudi peke yake, maiti imefungwa ndani ya kitenge, imelala juu ya mkono wake mmoja, akasimama mbele ya meza. Akauliza, "Shefu, niandike nani?"

"Si nilikuambia? Bwana ya huyu mama."

"Ndiyo, bwana yangu," alisema Apollinarie. "Mutoto wa binti yangu."

Mathieu alichukua kalamu mkononi mwa Frédéric, akaandika mwenyewe. Miaka sita. Kilo kumi na tano. Amengoja kwa muda wa saa tano.