Gari Haina Makosa

Nakuam, fundi wa vyuma, aliingia uani kwa Mumina na gunia zito begani, huku akikokota mtungi wa gesi kwenye mkokoteni. Ilikuwa Ijumaa adhuhuri, wakati wanaume wa Isiolo wako msikitini na wageni kutoka Nairobi wamelazwa na joto.

"Funga geti," Mumina alisema. "Kazi yako iko chini ya ile turubai."

Chini ya turubai palikuwa na gari lisilo na jina bado. Lilikuwa gari la majaribio, la pekee ulimwenguni, na kampuni ililificha kwa Mumina kwa sababu ukuta wake ni mrefu na mdomo wake ni mfupi.

Mumina akalala mchangani na buibui lake, akamwonyesha fundi kwa kidole ile boriti ya chuma inayokata tumbo la gari. "Hapo. Ukimaliza paka matope, mtu asijue."

"Huyu mwenye gari ni mtu wako, mama?"

"Huyo? Namwombea kila siku."

Boriti ile aliijua kwa sababu ya Ado, mume wake. Ado ndiye aliyeendesha gari la majaribio la kwanza, mwaka ule wa njaa, themanini na nne. "Chuma cha tumbo kinalia, Mumina," alimwambia wakila chakula cha usiku. "Nimeambia injinia. Anasema niendeshe tu."

Kesho yake, kwenye laga ya Biliqo, ule mto mkavu wa mchanga, gari lilikatika katikati likamponda. Injinia Zachary, aliyeketi kando yake, alitoka na mkwaruzo mmoja. Polisi walipofika, aliwaonyesha chupa iliyovunjikia kitini. Chupa ilikuwa yake mwenyewe. "Gari haina makosa," akasema. "Nuseni mdomo wake."

Ado hakuwa ameonja pombe tangu azaliwe. Lakini bia ilikuwa imemlowesha kuanzia ndevu hadi shati, na habari ilifika Isiolo kabla ya maiti. Watu walimzika huku wakinong'onezana. Hadi leo mwanawe akikosana na wenzake, huitwa mtoto wa mlevi. Mumina alimchukia Zachary chuki ya kumkausha mate, na alikuwa ameapa kwamba hatakufa kabla ya kulisafisha jina la mumewe.

Nakuam alipotoka chini ya gari, jasho likimtiririka, gunia lake alilikunja akalitia kwapani.

Jioni Zachary akaja kulitazama gari lake. Hakuwahi kukanyaga matangani kwa Ado, kwa hiyo hakujua kwamba mwenye ua huu ni mjane wake.

"Kesho tunapima barabara ya Merti mara ya mwisho, mama," alisema, akipapasa boneti. "Wengine walitaka nibadilishe vyuma. Mimi nikakataa. Michoro ni ile ile. Tukirudi salama, wakubwa wanaagiza kalibu kutoka ng'ambo."

"Kalibu ndio nini?"

"Ni kama kile kibao cha kufyatulia matofali, lakini ni ya chuma, kubwa kama nyumba. Wanaichonga kufuata michoro yangu. Ikishachongwa, hata upana wa kidole huongezi. Magari yote yanatoka sawasawa."

"Mungu akupe unachostahili," Mumina alisema.

Asubuhi, Bule, dereva mpya, alisimama na ufunguo mkononi bila kuingia ndani ya gari. Nani hakuijua laga ya Biliqo kwenye njia ile? Mumina akamletea kikombe cha maziwa.

"Kunywa, Bule. Wewe utarudi."

Na kweli, magharibi honi ikalia getini. Gari lilikuwa vumbi tupu, lakini zima. Zachary alishuka akiimba, akampiga Bule mgongoni, akasema laga imeshika adabu. Mumina aliwafungulia geti. Kisha akaagiza mbuzi achinjwe.

Mwaka ukapita. Kalibu zikaja kwa meli, zikafungwa kwenye sakafu ya kiwanda, zikaanza kufyatua magari. Gari la kwanza lilipotoka, Zachary alisema ataliendesha mwenyewe hadi Merti, mbele ya wakubwa na watu wa magazeti, kwenye barabara ile ile ambako gari la majaribio lilifaulu. Walihitaji mtu wa kuwapikia pilau huko. Mumina alijitolea kabla hawajamaliza kuuliza.

Pale Isiolo walinyanyua glasi za mvinyo kulitakia gari heri. Zachary alikunywa yake, akanywa na ya jirani. Mumina akapanda lori la nyuma na sufuria zake, akashika ubao kwa nguvu.

Kwenye laga ya Biliqo gari jipya liliinama, likainuka, likakunjika kama kitabu. Zachary alivutwa nje akiwa hai, mguu umevunjika, akipiga kelele.

"Ile ya mwaka jana ilipita hapa hapa! Michoro ni ile ile! Bule, waambie!"

"Ilipita," Bule alisema. "Mimi ndiye niliendesha."

Polisi wa msafara akavua kofia, akajikuna kichwa. "Sasa hii imevunjwa na nini?"

Mumina alishuka kwenye lori, akapenya katikati ya watu, akachungulia chini ya gari. Boriti ilikuwa imechanika mahali pale pale ambapo kwenye gari la majaribio Nakuam alichomelea bamba nene la springi ya lori, akalifunika kwa matope. Bamba hilo halikuwa kwenye michoro.

Akainuka, akajikung'uta mchanga.

"Gari haina makosa, afande," alisema. "Nuseni mdomo wake."