Mkono wa Mtu Bandani

Mzee jirani alikuwa amechuchumaa ndani ya banda la kuku la Damari, ndani ya koti lake zito la baridi ya Iringa, amempakata tetea mwekundu.

Jana Damari alikuta kuku watatu macho yamelowa, akajua kuna mkono wa mtu. Leo alijifanya anakwenda sokoni, akarudi akinyata na mwiko wa ugali mkononi.

Mzee hakumsikia. Alifunua kope ya kuku kwa kidole gumba kilichopasuka kwa jembe, akadondosha tone moja kutoka kwenye kichupa, kisha akalipuliza lile jicho taratibu, kama anayempozea mtoto uji.

"Unawafanya nini kuku wangu?"

Mzee alishtuka, lakini tetea hakumwachia. "Mdondo umeingia huku bondeni, mama. Wangu wamekufa wote kabla sijawachanja. Hii chanjo imenibakia. Nimekuja mlangoni kwako mara mbili, nikauogopa ulimi wako."

Ndipo Damari alipokumbuka kuwa siku ya tatu hii hajasikia jogoo wa mzee akiwika.

Aliweka mwiko chini, akainama kuingia bandani, akamdaka jogoo wake kwa mabawa.

"Huyu anadonoa, baba," alisema. "Acha nimshike mimi."