Kimya cha Makamishna Watatu

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na makamishna watatu waliokuwamo wakaacha kuzungumza, hata habari za mahindi.

Hawakuwa wamegombana. Ndiyo sheria yetu huku. Bodi ya kaunti ina makamishna watano. Wawili wakikutana wakateta, hayo ni maongezi tu. Wakifika watatu wakagusa shauri la kaunti, huo ni mkutano, na mkutano usiotangazwa gazetini ni haramu. Shauri lililoguswa halipigiwi kura mpaka litangazwe upya, wiki mbili nzima. Ndiyo maana hata msibani wawili hula ndani, na wa tatu hupelekewa sahani yake nje kwenye baridi.

"Theluji imezidi mwaka huu," alisema mwenyekiti, Verlyn Stoltz, mtu mnene mwenye goti bovu. Bila goti hilo angepanda ngazi.

"Imezidi kweli," alisema Darlene Hruska.

Orrin Pavelka, mkulima, aliitikia kwa kichwa tu. Huyo maneno humtoka kwa tabu tangu utoto. Mkewe husema alimposa kwa kukohoa.

Wa nne mle liftini hakuwa kamishna: alikuwa Bibi Ludmila Vacek, mwenye miaka themanini na kitu, amejibanza kwenye kona ya vitufe na koti lake pana. Alikuwa akienda ukumbini, juu, kwenye mkutano wa maoni ya wananchi. Jioni ile bodi ilikuwa ipige kura kuyauza makao ya wazee ya kaunti kwa kampuni moja ya mji wa Omaha, ambayo ilishasema: leo au basi. Makao yakiuzwa yatafungwa, na Emil, mumewe Ludmila, asiyetambua kitu tena ila kijiko cha mkewe, atapelekwa mji wa mbali. Ludmila haendeshi gari siku hizi. Hatamwona tena.

"Bonyeza tena namba tatu, bibi," alisema Stoltz.

"Nimebonyeza, mwanangu."

"Na simu ya dharura?"

"Imekufa."

Za mkononi nazo hazikushika mtandao ndani ya lile sanduku la chuma. Darlene aligonga mlango mpaka kiganja kikawaka moto. Juu, karani alianza kuwaita wananchi watoe maoni bila wao. Kipaza sauti kilisikika wazi.

"Ludmila Vacek, dakika tatu."

"Ludmila Vacek?" Kisha likaitwa jina jingine.

Bibi akaanza kulia. "Zamu yangu ndiyo hiyo imekwenda," alisema. "Basi nijibuni humu humu. Verlyn, mtampeleka wapi mzee wangu?"

"Mama, tukiwa watatu siruhusiwi kujibu."

"Umekula maandazi yangu ya kolache tangu huna meno, leo ulimi umekuwa mzito?"

Stoltz alifungua vifungo vya koti. Jasho lilimtiririka mgongoni, hewa ilikuwa nzito, na kile kilio cha chini chini hapakuwa na pa kukikimbia. Aliona bora apigwe ngumi. Alitazama dari, akatazama mlango, akatazama tena dari.

"Hela hakuna, mama!" alipasuka. "Paa linavuja, manesi wanakimbia. Nifanyeje mimi?"

"Verlyn, funga mdomo!" alisema Darlene. Halafu naye akashindwa kuufunga wake. "Tena mwongo. Hela za barabara zipo, nilikwambia."

"Barabara ya nani? Ile inayoishia kwa kaka yako?"

"Mtaje kaka yangu tena uone!"

Wakarushiana maneno pua kwa pua, maana nafasi ya kurudi nyuma haikuwapo. Ludmila hakuwatazama. Alimtazama Orrin.

"Na wewe, Orrin? Mama yako alifia pale, mikononi mwa manesi wale wale. Uko upande gani?"

Orrin alitazama viatu vyake. Wenzake walichoka kugombana, naye bado anatazama viatu. Bibi alingoja, machozi yakimdondoka kidevuni.

"Nitapiga kura wauze," alisema hatimaye. "Nisamehe, mama. Sioni njia nyingine."

Ludmila akajifuta uso, akajisogeza kutoka konani. Lifti ikashtuka, ikapanda.

"Humu hakuna aliyesema kitu," Stoltz aliwanong'oneza wenzake mlango ulipofunguka, nao wakaitikia kwa kichwa.

Ukumbini, karani alimwonea huruma bibi kizee, akamrudishia zamu yake. Stoltz alikaa kitini pake na kuvuta pumzi ndefu. Alimhurumia kwa dhati. Akajiambia kwamba baada ya kura atamsindikiza nyumbani mwenyewe.

Ludmila alikishusha kipaza sauti.

"Kuhusu Emil sina la kusema," alisema. "Naomba tu karani aandike kwamba bodi imeshakutana jioni hii, kwenye lifti, bila tangazo. Wajumbe watatu wamelijadili shauri la makao, kila mmoja kwa kinywa chake, nami nilikuwapo."

Stoltz alisimama, akalisahau goti. "Mama, ile ilikuwa ajali! Lifti ilikwama!"

"Ningekiachia kitufe cha kusimamisha mapema, mwanangu," alisema Ludmila, "lakini Orrin alikuwa bado hajasema, na wawili hawatoshi."